Tairi imepasuka, bima inalipa au hailipi? Mwongozo kamili wa kujua na kudai

Swali hili linarudi kila siku na linaishia vilevile. Mtu kaingia kwenye shimo, tairi imepasuka, ana bima kubwa, ile inayolinda mpaka gari lake mwenyewe, kalipia mwaka mzima, anapiga simu anaambiwa "tairi hatulipi", anakasirika, ananunua nyingine, ile mbovu anaiacha kwa fundi na habari inaishia hapo. Inauma, kwa sababu baadhi yao walikuwa wanastahili kulipwa kabisa, ila walianza kwa fundi wakamalizia kwa bima, na ilitakiwa iwe kinyume.

Jibu fupi ni hili: bima hailipi tairi, inalipa tukio. Tairi iliyoharibika peke yake kwa pancha, kwa kukatwa na kitu barabarani au kwa kupasuka tu, mikataba mingi haiilipi hata kama bima ni kubwa. Tairi iliyoharibika ndani ya ajali, moto, mafuriko, wizi au mtu kukuharibia makusudi, hiyo ina nafasi. Sasa kazi yako ni kujua ya kwako iko upande gani na kuweza kuionyesha.

## Andaa hivi kwanza

- Hati ya bima yenyewe, ile ndefu yenye vifungu. Stika ya kioo haitoshi, na cheti cha karatasi moja hakitoshi. Kama huna, omba leo, usisubiri kupata ajali.
- Ile karatasi ya mbele yenye jina lako, namba ya gari, kiasi cha eksesi (pesa unayobeba mwenyewe kabla bima haijalipa) na nyongeza ulizolipia.
- Simu yenye kamera na chaji.
- Rula au futi kamba, na kama unaweza kipimo cha kashata, yaani ile mistari ya juu ya tairi inayogusa lami.
- Risiti ya tairi ulizonunua mwisho. Bila hiyo utabishana kuhusu umri na bei.
- Tairi iliyoharibika. Hii ndiyo watu wanaitupa, na ndiyo ushahidi namba moja.

## Hatua ya 1: Simama, usiendelee kutembea na gari

Ukisikia mpasuko au usukani umeanza kuvuta, punguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, toka barabarani, washa hazadi, weka kiakisi nyuma ya gari. Maisha kwanza, klemu, yaani madai yako kwa bima, baadaye.

Sababu ya pili ya kusimama ni ya bima. Tairi isiyo na upepo ukiitembeza hata umbali mdogo, rimu inaisaga kwa ndani. Mkaguzi wa bima akiivua anakuta unga mweusi wa mpira umejaa ndani, na ubavuni kuna mchirizi wa duara uliozunguka tairi nzima. Akiona hivyo anaandika kwamba uharibifu umetokana na kuendesha bila upepo, na hapo ile alama ya shimo iliyokuwa inakutetea imeshasagwa, haionekani tena.

Onyo: ukilazimika kusogea kwa usalama, sogea tu mpaka pa kusimama, halafu sema hivyo hivyo kwenye maelezo yako.

Umefanikiwa kama tairi imelala palepale karibu na tukio na bado unaona mahali ilipopasuka.

## Hatua ya 2: Piga picha kabla ya kugusa kitu

Anza mbali, gari na barabara vionekane pamoja. Sogea, piga gurudumu likiwa bado limefungwa kwenye gari. Sogea tena, piga jeraha lenyewe na mdomo wa rimu. Rudi kwenye shimo au jiwe, weka rula pembeni ili ukubwa uonekane, mtu akiangalia picha ya shimo bila kipimo hajui kama ni la sentimita 3 au 15.

Halafu piga vitu ambavyo wengi wanasahau: dashibodi ikionyesha kilomita, tairi nyingine tatu, chini ya gari upande ule uliogonga, na kama kuna mafuta yanavuja kwenye shokapu hayo yapige vizuri. Tairi tatu zikionekana nzima na kashata za kutosha, hoja ya kwamba "gari lake lote lilikuwa kipara" inaishia hapo.

Kama kuna shahidi chukua namba yake ya simu. Usipige picha ukiwa umesimama katikati ya barabara, hakuna klemu yenye thamani hiyo.

## Hatua ya 3: Soma jeraha, tairi inasema yenyewe kilichotokea

Hapa nakaa kidogo, maana ndipo mkaguzi atakapokaa pia. Ukijua anachokitafuta utajua mapema kama una kesi au huna.

Tundu dogo juu kwenye kashata. Hiyo ni pancha, msumari au skrubu. Bima kubwa ya kawaida haihusiki. Habari njema ni kwamba tundu lisilozidi milimita 6 katikati ya kashata kwa kawaida linazibika vizuri kwa kiraka cha ndani. Likiwa ubavuni halizibwi, tairi inabadilishwa.

Mipasuko miwili iliyokaribiana, au mpasuko mmoja na rimu imepinda palepale. Hii inatokea tairi ikibanwa kati ya ukingo wa shimo na rimu. Ni alama ya kugonga, na ni nzuri kwako, kwa sababu rimu iliyopinda inaonyesha kwamba haikuharibika tairi peke yake, gari nalo limeumia kwenye tukio hilo hilo. Pitisha kidole kwenye mdomo wa rimu wa upande wa ndani pia, rimu za aloi zinapenda kupasuka huko ambako ukiwa umesimama nje huoni kitu.

Nundu ubavuni. Nyuzi za ndani zimekatika kwa kishindo na upepo unasukuma mpira nje. Haitengenezeki na inaweza kupasuka wakati wowote, usiende nayo safari. Tatizo la nundu ni kwamba inaweza kutokea siku kadhaa baada ya kugonga, kwa hiyo ukigonga shimo kwa nguvu piga picha na utoe taarifa siku hiyo hiyo hata kama tairi inaonekana nzima, usipofanya hivyo utashindwa kuunganisha nundu ya leo na shimo la wiki iliyopita.

Mkato safi ubavuni, gari likiwa limeegeshwa. Hapo kuna mtu. Ni uharibifu wa makusudi na unaenda polisi kwanza. Kuna uvumi wa siku nyingi kwamba zikikatwa tatu bima hailipi mpaka ziwe nne, usiuamini, hakuna kanuni ya jumla ya hivyo. Kinachoamua ni kifungu cha mkataba wako na eksesi yako.

Nyufa nyembamba nyingi, kashata zimeisha upande mmoja, nyuzi zinaonekana. Huo ni uchakavu na hakuna bima ya gari inayolipa uchakavu. Tairi iliyoisha upande mmoja maana yake alaimenti ilikuwa mbovu au upepo haukuwa sawa kwa muda mrefu.

Baada ya hapo pima kashata. Nchi nyingi zimeweka kikomo cha kisheria cha milimita 1.6, na ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo vilivyowekwa kwa urefu huo, kashata zikilingana navyo tairi imekwisha. Kama ulikuwa chini ya hapo bima inaweza kukataa kwa kusema gari halikuwa salama kutembea, na inaweza kukugharimu zaidi ya tairi.

Tafuta pia tarehe ya kutengenezwa. Angalia ubavuni herufi DOT, tarakimu 4 za mwisho ndiyo wiki na mwaka, mfano 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Usipoziona upande wa nje angalia wa ndani, mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu.

Umefanikiwa kama unaweza kusema kwa sentensi moja: tairi gani, imeharibika wapi, na nini kiliifanya hivyo.

## Hatua ya 4: Fungua hati ya bima, soma sehemu tatu

Usisome yote usiku mmoja, utasinzia. Nenda sehemu hizi.

Unalindwa na nini. Bima ndogo inalipa madhara uliyomsababishia mwingine, tairi yako haimo. Lakini kama mwingine ndiye aliyekugonga, tairi yako inadaiwa kwenye bima yake yeye, na hapo huhitaji bima kubwa hata kidogo. Hili watu hawalijui kabisa, anagongwa upande, rimu inapasuka, anajilipia kwa sababu "mimi nina ndogo tu".

Vitu visivyolipwa. Tafuta neno tairi kwenye orodha hii. Maneno ya kawaida kwenye mikataba mingi ni kwamba hawalipi uharibifu wa tairi uliotokana na kufunga breki, pancha, kukatwa au kupasuka barabarani. Mingine inaongeza: isipokuwa gari nalo limeharibika wakati huo huo. Hayo maneno ya mwisho ndiyo mlango wako, yapigie mstari. Mkataba wa kawaida wa India, kwa mfano, unayo, na hata hapo tairi inalipwa nusu ya gharama tu.

Jinsi bima inavyolihesabu shimo inatofautiana nchi na nchi. Marekani kugonga shimo kunahesabiwa kwenye sehemu ya bima ya kugongana, aliyechukua ile ya wizi, moto na mafuriko peke yake halipwi. Kwa hiyo ushauri wa mtu wa nchi nyingine usiubebe mzima mzima, soma wa kwako.

Wizi nao una mtego wake. Mikataba mingine inalipa gari likiibwa lote lakini gurudumu likiibwa peke yake hailipi, au inalipa mpaka kiwango fulani.

Eksesi. Ni kiasi unachobeba mwenyewe kwenye kila klemu kabla bima haijatoa chochote. Angalia kama ni kiasi kamili au asilimia yenye kiwango cha chini.

Mwisho angalia nyongeza. Kuna bima ya tairi na rimu inauzwa pembeni na hiyo ndiyo inayolipa mpaka pancha. Kama uliuziwa gari dukani na makaratasi mengi pekua vizuri, inawezekana unayo na hujui. Msaada wa barabarani ni kitu kingine, huo unakuja kukufungia spea au kukuvuta, tairi hawakununulii.

## Hatua ya 5: Piga hesabu kabla ya kufungua klemu

Kuwa na haki ya kudai na kufaidika kwa kudai ni vitu viwili tofauti.

Tairi inalipwa kwa hali iliyokuwa nayo, mpya hupewi bure. Tuseme ikiwa mpya kashata ni milimita 8 na kikomo ni 1.6, maana yake inatumika milimita 6.4. Yako ilibaki na 4.8, yaani 3.2 za kutumika, hiyo ni nusu. Bima inaweza kulipa nusu na wewe unaongeza nusu.

Sasa chukua tairi mpya kuwa 100 ya pesa yoyote ile, eksesi 60. Ukidai tairi peke yake unahesabiwa 50, toa eksesi 60, hupati kitu na rekodi yako imeshaandikwa klemu. Ukiwa na rimu ya 150 na shokapu ya 120 kwenye tukio hilo hilo, jumla inakuwa 50 na 150 na 120, ni 320, toa 60 unabaki na 260. Hapo inaanza kueleweka.

Ila subiri. Kama ada kamili ya bima yako kwa mwaka ni 1000 na una punguzo la 30% kwa kutodai miaka kadhaa, klemu hii inaweza kukufutia punguzo lote, mwaka ujao unalipa 300 zaidi. Kwa hesabu hiyo unapoteza 40 hata baada ya kulipwa, na punguzo halirudi kwa mwaka mmoja. Muulize wakala wako swali hili neno kwa neno: "Nikidai kiasi hiki, punguzo langu litashuka mpaka asilimia ngapi?" Kama una nyongeza ya kulinda punguzo hesabu inageuka.

Onyo: kutokudai haina maana usitoe taarifa. Mikataba mingi inataka uripoti tukio hata kama hudai, hasa kama kuna mtu mwingine kahusika. Ripoti kama taarifa tu na useme wazi kwamba hudai.

## Hatua ya 6: Toa taarifa, na uieleze kama tukio

Piga simu au tuma ujumbe siku hiyo hiyo. Muda wa mwisho umeandikwa kwenye hati na ukichelewa unawapa sababu ya bure. Wizi, kukatiwa tairi, ajali yenye majeruhi au gari lingine, pitia polisi uchukue namba ya ripoti.

Klemu nyingi zinafia kwenye maelezo. Angalia haya:

"Tairi yangu ya mbele imepasuka naomba mnilipe."

Anayepokea hana la kufanya, anaangalia orodha ya visivyolipwa, kuna "kupasuka", anafunga faili. Sasa haya:

"Jumanne saa mbili usiku, nikiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 50 kwa saa, gurudumu la mbele kushoto liliingia kwenye shimo lililojaa maji. Rimu imepinda, tairi imepasuka ubavuni, shokapu inavuja na usukani unavuta kushoto. Nilisimama hapo hapo na sikuendesha tena. Picha 12 nimeambatanisha."

Tukio ni lile lile, ila la pili lina saa, chanzo, na madhara kwa gari zima.

Na hapa nisikilize vizuri: andika kilichotokea, basi. Kama ilikuwa msumari usigeuze kuwa shimo. Wakaguzi wanavua matairi kila siku, uongo wanauona kwenye mpira wenyewe, na ukikamatwa hupotezi tairi tu, mkataba unafutwa, na kampuni nyingine zitakuuliza kama umewahi kufutiwa.

Umefanikiwa kama umepata namba ya klemu kwa maandishi.

## Hatua ya 7: Mkaguzi aione, ndipo fundi aanze

Funga spea uende, hiyo ruksa. Ila tairi mbovu na rimu yake viweke kwenye buti, na gari lisifunguliwe chini mpaka mkaguzi aangalie au kampuni ikujibu kwa maandishi kwamba endelea.

Omba gereji makadirio yenye kila kitu peke yake: tairi ya saizi gani, rimu, shokapu, boljointi, alaimenti, balansi, ufundi. Karatasi iliyoandikwa "matengenezo ya mbele" kwa jumla moja inakatwa ovyo. Mashine ya alaimenti inatoa karatasi ya vipimo kabla na baada, ile ya kabla ni ushahidi mzuri sana kwamba suspenshen imeguswa.

Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe. Muonyeshe shimo kwenye picha, muonyeshe rimu, muonyeshe zile tairi nyingine tatu. Akisema ni uchakavu muulize kwa heshima anauona wapi, na uandike alichosema.

Kama gari lako ni la fo wili, wengine wanahitaji tairi zote zilingane kashata, tofauti kubwa inaumiza mfumo wa kugawa nguvu. Bima kwa kawaida inalipa ile iliyoharibika tu, lakini kama kitabu cha gari kinataka zilingane peleka ukurasa huo, usiombe kwa mdomo.

## Hatua ya 8: Wakikataa

Usigombane kwenye simu. Omba barua yenye sababu na namba ya kifungu walichotumia. Kisome hicho kifungu chote mpaka mwisho, mara nyingi ile "isipokuwa" iko mstari wa chini.

Wakisema uchakavu, peleka tairi kwa fundi mwingine wa matairi aandike maoni yake yenye vipimo vya kashata na tarehe ya DOT. Jibu kwa barua fupi, ukiambatanisha. Kwa kawaida anayetumia kifungu cha kutolipa ndiye anatakiwa aonyeshe kwamba kinahusika, kwa hiyo usikubali neno "tairi hatulipi" kama jibu kamili.

Ikishindikana malalamiko yaende kitengo cha malalamiko cha kampuni yenyewe, halafu mamlaka inayosimamia bima kwenye nchi yako. Wanachotaka ni mpangilio: tarehe, barua, picha.

Na kuna milango mingine. Tairi mpya iliyopasuka bila kugonga kitu, rudisha ulikonunua, kasoro ya kiwandani ni kazi ya garantii. Shimo la barabara, nchi nyingine zinaruhusu kumdai mwenye barabara. Uingereza kwa mfano sheria ya barabara ya mwaka 1980 inampa mwenye barabara utetezi akionyesha alichukua tahadhari za kutosha, kwa hiyo anayedai anatafuta kama shimo lilisharipotiwa kabla na halikuzibwa.

## Hatua ya 9: Kabla hujasaini malipo

Utapewa karatasi ya kukubali malipo, na mara nyingi imeandikwa kwamba ukisaini umemaliza, hudai tena chochote kwenye tukio hilo. Usiisaini gereji ikiwa bado haijafungua chini. Tembeza gari, sikiliza kama kuna mlio, angalia kama usukani umenyooka na haitetemeki kwenye mwendo mkubwa. Kukiwa na kitu kimejitokeza, mwambie mkaguzi arudi aongeze kwenye ripoti, ndipo usaini.

Linganisha kiasi na makadirio mstari kwa mstari. Kila walichokata uwe umepewa sababu yake: eksesi, umri wa tairi, au kitu walichokikataa. Mkato usio na sababu uulizie kabla ya kuweka sahihi, ukishaweka huna tena pa kuulizia.